Hesabu anayoleta suka, ndani yake kuna kipande cha gari

Juzi usiku mtoto wa kaka yangu aliyeko Lindi kanitumia meseji ndefu, shangazi shikamoo, nimepata mtu anauza bajaji mpya kabisa milioni 9 na laki 6, suka, yani dereva, yupo tayari anasema ataniletea hesabu elfu 15 kila siku, nikipiga siku 26 za mwezi hiyo ni laki 3 na elfu 90, kwahiyo ndani ya miaka 2 na kidogo hela yangu yote imerudi afu kuanzia hapo ni faida tupu, unaonaje? Nikamjibu marahaba mwanangu, bajaji nunua, ila hiyo "faida tupu" ndio imenifanya nisilale, maana ni maneno yaleyale niliyokuwa nasema mimi mwaka 2016 na yaligharimu.

Nilimrekodia voisi ya dakika 6, akasema hajaelewa kwenye namba. Kwahiyo naandika hapa, na wengine mnaoniulizaga mambo ya magari na mashine mtasoma humuhumu.

Januari 2016 nilinunua lori dogo, Canter ya mtumba, Dar. Hela ilitoka kwenye korosho zangu za misimu miwili pamoja na kiwanja nilichouza Naliendele. Gari yenyewe 26,500,000, kuileta Mtwara mafuta na dereva laki 5, kubadilisha kadi na usumbufu wake wote laki 9, afu haikuwa na bodi ya maana nikachongesha bodi na kununua maturubai, milioni 4 na laki 1. Jumla 32,000,000. Hiyo ndio bei ya gari, sio ile 26 na nusu, na hapa watu wengi wanakosea sana, bei ya mali ni kila kitu ulichotoa mpaka ikaweza kufanya kazi uliyoinunulia. Bima na leseni za kila mwaka hazimo, hizo ni matumizi ya mwaka husika.

Ikaanza kazi. Msimu wa korosho inasomba magunia kutoka maghala ya AMCOS, vyama vya msingi vya wakulima, kwenda maghala makuu, msimu ukiisha inabeba saruji, mbao, na chumvi kutoka Lindi kupeleka Masasi mpaka Tunduru. Suka wangu alikuwa mwaminifu, Mungu amtunze, akirudi anakuja mpaka kibarazani, "tajiri, hesabu hii hapa", kashatoa dizeli, posho yake, ya utingo, ushuru wa njiani, kilichobaki kipo kwenye bahasha pamoja na risiti. Nami nikawa naandika kwenye daftari: kilichoingia, kilichotoka gereji, kinachobaki faida. Mwaka wa kwanza nikaona faida nzuri sana, wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Nikajenga ukuta wa nyumba pale Chuno, nikamcheza binti yangu unyago tukachinja ng'ombe na watu wakaja mpaka kutoka Newala, nikamlipia mdogo wangu ada ya chuo. Sijutii hata kimoja katika hivyo, ila nilivifanya nikiamini natumia faida.

Mwanzoni mwa 2019 nikaenda kuomba mkopo wa gari ya pili. Benki wakataka hesabu za biashara za miaka 3. Nikamtafuta mhasibu, kijana mstaarabu sana, nikampa daftari langu. Kalisoma lote afu akauliza swali moja, "mama, gari lenyewe umeliandika wapi?"

Nikamwambia gari si hiyo hapo nje, nililipa kesh mwaka juzi huko, halina deni na mtu.

Akasema ndio, ulilipa milioni 32 siku moja lakini umeitumia siku zaidi ya elfu moja na bado unaitumia, sasa hizo milioni 32 ni gharama ya siku ipi? Ukisema ni ya Januari 2016 basi mwezi huo ulipata hasara kubwa kuliko mtu yeyote Mtwara, ukisema sio ya siku yoyote basi gari umepewa bure. Inabidi igawanywe, kila mwaka ubebe sehemu yake. Hiyo sehemu ndio wanaita uchakavu.

Yani mpaka siku ile mimi neno uchakavu nilikuwa nalisikia nawaza vyuma chakavu, gari imeoza. Kumbe uchakavu hauanzi siku gari inapooza, unaanza siku ile ipo tayari kwa kazi, hata kama hiyo siku inang'aa.

Akakaa akanipigia hesabu. Aliniuliza hii gari unadhani itafanya kazi miaka mingapi toka uinunue, nikasema 8. Ukija kuiuza mwishoni utapata shingapi, nikasema milioni 4 haikosi. Akachukua 32 akatoa 4 ikabaki 28, akagawanya kwa 8, milioni 3 na nusu kila mwaka. Miaka 3 ni milioni 10 na nusu. Akaandika kwa peni nyekundu chini ya daftari langu, 10,500,000, na hakusema kitu.

Nikaangalia nje nikauona ule ukuta. Ukuta ule ni gari. Nilichukua vipande vya Canter nikajengea ukuta, vingine vikaliwa pilau kwenye unyago, na kila nilipokuwa natumia nikaandika faida.

Hiki ndio kitu nachotaka mtoto wa kaka yangu akishike kuliko chochote kwenye post hii. Suka anapokupa elfu 15, ndani yake kuna sehemu ambayo sio pato lako, ni bajaji yenyewe inarudi nyumbani kidogokidogo, kila siku kipande. Ukikila, siku bajaji inakufa huna bajaji wala hela ya bajaji, na utasema biashara ya bajaji hailipi wakati ilikuwa inakulipa, ila ulikuwa unakula mtaji.

Twende kwenye yake sasa. 9,600,000. Kazi ya mchana kutwa, barabara za mitaani zenye mchanga, tuseme miaka 4, mwisho wake anaiuza 2,400,000 kama ameitunza. Tofauti ni 7,200,000, gawanya kwa miezi 48, ni 150,000 kwa mwezi. Kwenye ile laki 3 na 90 atoe kwanza sevisi, matairi, bima, vibali na mambo madogo madogo, mimi nimemuwekea laki 1 na elfu 10 kwa mwezi, inabaki 280,000. Toa 150,000 ya uchakavu, inabaki 130,000. Hiyo ndio faida yake. Sio mbaya hata kidogo, mimi ningenunua, lakini 130 na 390 ni maisha mawili tofauti, huyo wa 390 ataoa mke wa pili na huyo wa 130 atajua hawezi.

Afu sikiliza, uchakavu sio hela iliyoko mahali fulani. Hili lilinichanganya hata mimi baada ya kulielewa, nikawa nawaza basi kwenye hesabu imeandikwa milioni 3 na nusu iko wapi nikaichukue. Haipo popote. Ni maandishi tu yanayosema kiasi hiki cha gari kimekwisha mwaka huu, kama hujakichukua kwenye hesabu za suka ukakiweka pembeni kwa mkono wako mwenyewe basi kimeliwa. Mhasibu anaandika, kuweka ni kazi ya mwenye gari.

Sasa ile miaka 8 niliyosema. Nilitaja tu, gari ilikuwa nzuri nikaona miaka 8. Sikuwaza chumvi. Sisi huku pwani hata gari isiyobeba kitu inaliwa na upepo wa bahari, sembuse inayobeba magunia ya chumvi yanayovuja maji kwenye bodi, na msimu wa kupulizia mikorosho inabeba salfa. Fundi aliingia chini akagonga chasisi kwa bisibisi, bisibisi ikazama. Akaniambia mama, hii injini nzima lakini chasisi haikupi zaidi ya miaka 3. Nikampigia mhasibu nikidhani tumeharibu na itabidi turudie hesabu zote za nyuma, akasema hapana, ya nyuma yameshapita yaache, makadirio yanabadilishwa kuanzia hapa kwenda mbele, na tena kila mwisho wa mwaka inatakiwa ujiulize upya miaka iliyobaki ni mingapi. Tukafanya hivi, gari kwenye vitabu imebaki 32 toa 10 na nusu, ni 21,500,000. Mwisho wake nikashusha mpaka milioni 3 na nusu. 18,000,000 kwa miaka 3, milioni 6 kila mwaka, yani laki 5 kila mwezi.

Laki 5 kila mwezi sikuweza, nasema ukweli, ila niliweza laki 3 na sikuruka hata mwezi mmoja, na ile miezi ya kiangazi korosho imeisha na barabara zimejaa magari yanayogombania mzigo iliniuma kweli kuipeleka benki. Miezi 36, milioni 10 na laki 8. Mwanzoni mwa 2022 nikauza Canter milioni 3 na laki 8, kwenye vitabu ilikuwa imebaki 3 na nusu kwahiyo ile laki 3 ya juu tukaandika ni faida ya kuuza mali. Jumla mkononi 14,600,000. Gari iliyofuata, Canter nyingine ya mtumba ila nzuri zaidi, mpaka inaanza kazi ilikula milioni 41. Kilichopungua, 26,400,000, tulikopa. Kama ile milioni 10 na nusu ya miaka 3 ya kwanza ningekuwa nayo ningekopa 15,900,000. Riba ya tofauti hiyo naendelea kuilipa mpaka leo.

Na mmeona, gari ya 32 ikarudishwa kwa 41. Uchakavu unakurudishia bei uliyonunulia, haukurudishii bei ya kesho. Magari yetu yanatoka Japani, yananunuliwa kwa dola, shilingi ikiteleza bei inapanda hata kama gari ni ileile. Kwahiyo kwenye vitabu andika uchakavu kama inavyotakiwa, ila kwenye kuweka ongeza kidogo.

Wengine mnasema mi nina mkopo, rejesho la kila mwezi ndio uchakavu wangu. Hapana. Rejesho ni hela ya gari uliyokwisha kuipata, unamalizia kuilipa. Kwenye hesabu riba ndio gharama, ile sehemu ya mkopo wenyewe ni deni tu linapungua, na uchakavu unaandikwa peke yake. Hatari yake ni siku mkopo unapoisha, mtu anapumua, anasema sasa gari ni yangu hela yote yangu, na hapo gari ina miaka 4 imeshachoka. Mi nilivyomaliza ule wa bodaboda niliyomkopea mdogo wangu, rejesho liliendelea kutoka kila mwezi vilevile, tofauti ni kwamba likaenda kwenye akaunti nyingine.

Nikija kwa TRA, watu wa kodi, maana wengi ndio mnachouliza. Kama wewe ni mtu binafsi mwenye biashara ndogo, unalipa kodi ya kukadiriwa, hapo uchakavu haukupunguzii kodi hata mia, na nadhani ndio maana huku kwetu hakuna anayeuhesabu, mtu anaona kama serikali haiulizi basi haupo. Upo. Ila sisi na kaka yangu gari ya pili tuliinunua tumeshafungua kampuni, kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, na hapo uchakavu unakuwa na maana nyingine kabisa.

TRA hawakuulizi gari yako itadumu miaka mingapi, sheria ya kodi ya mapato ina viwango vyake. Mali zinawekwa kwenye makapu. Kapu la kwanza kompyuta, magari madogo, mabasi ya abiria chini ya 30, magari ya mizigo ya chini ya tani 7 na mitambo ya ujenzi, hilo ni asilimia 37.5. La pili mabasi makubwa, malori mazito, matela, boti na meli, mashine za kiwandani, asilimia 25. La tatu samani na vifaa vya ofisi na kitu chochote ambacho hakina kapu lingine, asilimia 12.5. Na asilimia yenyewe haipigwi kwenye bei ya mwanzo kila mwaka, inapigwa kwenye kilichobaki. Canter yetu ipo kapu la kwanza, 41,000,000 mara 37.5 ni 15,375,000 mwaka wa kwanza, inabaki 25,625,000, mwaka wa pili 9,609,375, inabaki 16,015,625, inaenda hivyo inapungua.

Kwenye vitabu vyetu wenyewe tuliandika miaka 6, mwisho wake milioni 5, kwahiyo milioni 6 kila mwaka. Mhasibu akitengeneza ritani ya kodi anairudisha ile 6 kwenye faida kwanza, afu anatoa 15,375,000 ya TRA. Mwaka wa kwanza tofauti ni 9,375,000, asilimia 30 yake 2,812,500, hiyo ni kodi ambayo hatukulipa mwaka ule. Kaka yangu alifurahi sana akataka tununue na pikipiki. Nikamwambia kaka ngoja, mwaka wa 3 zinakaribia kulingana, mwaka wa 4 TRA wanatupa 3,753,662 wakati sisi vitabuni bado tunaandika 6, hapo kodi inaanza kurudi. Umecheleweshewa, hujasamehewa. Ile hela tumeiweka.

Kuna kitu kizuri kwa wakulima na sielewi kwanini hakisemwi kwenye mikutano ya vyama vya msingi, mashine za kilimo zina asilimia 100, mwaka uleule. Bomba la injini la kupulizia mikorosho ukilinunua kwa ajili ya shamba la biashara, na unatunza hesabu, unalitoa lote mwaka huohuo. Gari ya kutembelea tajiri mwenyewe nayo usiiwekee matumaini makubwa, kwa gari ambazo sio za kibiashara sheria imeweka kikomo cha bei inayohesabiwa, huwezi kununua gari la fahari ukalishusha lote kwenye kodi.

Mjomba wangu wa Mikindani yeye ana boti, hayuko kwenye mambo ya ritani, ila alivyonisikia naongea na mhasibu sebuleni aliingilia, akasema mbona sisi tunajua hilo siku nyingi, boti ni vitu viwili, mbao na mashine, mbao zinakaa miaka 15 ukizichoma chini na kuzipaka vizuri, mashine inakufa miaka 5, ukizihesabu kama kitu kimoja utajidanganya. Mhasibu akashangaa, akasema mzee hicho ndicho viwango vya uhasibu vinachosema, sehemu kubwa yenye maisha tofauti ihesabiwe peke yake. Tangu siku ile bodi ya Canter nimeitenga na gari. Na injini nayo siku ikibadilishwa yote haitaandikwa matengenezo, itaandikwa mali mpya na itaanza uchakavu wake. Tairi, bushi, brekipedi, hizo ni matengenezo, zinaingia gharama ya mwezi basi.

Gari ikilala je? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika upande wa Kilwa, gari yetu ililala Lindi siku kadhaa na mzigo juu. Suka akaniuliza tajiri siku hizi si hatuhesabu? Nikamwambia tunahesabu, uchakavu wa miaka hausimami gari ikisimama, kutu nayo haikusimama. Kuna njia ya kuhesabu kwa kilomita, ambayo mimi naipenda kwa kupangia bei. Ile Canter ya kwanza tungeipa kilomita 350,000, milioni 28 gawa hizo, ni shilingi 80 kwa kilomita. Masasi kwenda na kurudi ni kama kilomita 400, kwahiyo kila safari ya Masasi ilikuwa inakula elfu 32 ya gari, mbali na dizeli. Nilivyoijua hiyo namba nikakumbuka safari ngapi nimekubali kushushiwa bei elfu 50 ili gari isirudi tupu, nikiona nimepata.

Sasa hivi suka anaandika kilomita kwenye daftari akitoka na akirudi, na bahasha zinakuja mbili, ya gari na ya nyumbani. Ya gari sifungui, inaenda benki ilivyo.

Mtoto wa kaka yangu kanijibu asubuhi hii. Kasema shangazi nimeelewa, nimerudia kupiga nikapata 130 kama wewe, nanunua. Afu akauliza maturubai ya pembeni na redio anazotaka kufunga zinaingia kwenye ile 9,600,000 au ni matumizi. Nimemwambia maturubai weka kwenye bei, bila hayo masika abiria hawapandi, kwahiyo mahesabu yako ya 150,000 yanapanda kidogo, piga tena. Redio subiri mwezi wa 3.